Ufizi Ukitoka Damu: Je, Ni Lazima Meno Yasafishwe kwa Kina?

Mama mpendwa, je, unapopiga mswaki huona damu kwenye mate? Wengi wetu husukutua tu, tukaendelea na chai ya watoto. Wengine wamekwenda kwa daktari wa meno wakaambiwa wasafishwe kwa kina, na kwa kuwa gharama yake huzidi ile ya kusafishwa kwa kawaida, wanauliza: Ni lazima kweli? Jibu liko kwenye vipimo.

Tofauti ni nini?

Ukoga usipoondolewa hugandamana ukawa ugaga, mgumu kama jiwe, ambao mswaki hauutoi. Kusafisha kwa kawaida huondoa ugaga ulio juu ya meno na kwenye ukingo wa ufizi. Huku humtosha mwenye ufizi mzima, na hata yule ambaye ufizi umevimba lakini bado umeshika meno vizuri.

Kusafisha kwa kina huingia chini ya ufizi hadi kwenye mizizi. Kwa kawaida hufanywa kwa sindano ya ganzi, mara nyingi kwa awamu mbili au zaidi. Hii ni tiba ya ugonjwa, si ya kung'arisha meno.

Nani anaihitaji?

Daktari hupima nafasi iliyo kati ya jino na ufizi. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Ikifika 4 huangaliwa kwa makini. Ikiwa 5 au zaidi, na eksirei ikaonyesha kwamba mfupa unaliwa, usiahirishe. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe, na hata jino lisilo na tundu huweza kulegea na kung'oka.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kwa upole: "Daktari, vipimo vyangu ni milimita ngapi?" Kama hukupimwa, omba upimwe.

Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi. Na wewe mjamzito, si kweli kwamba mtoto hula meno ya mama. Ni ufizi unaovimba kwa urahisi wakati huo. Kusafishwa meno hakumdhuru mtoto, ila mweleze daktari hali yako.

Nyumbani, piga mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi, wala usiache kwa kuogopa damu.

Mama hujinyima ili watoto wapate. Lakini afya yako pia ni amana kutoka kwa Mungu, itunze.