Ndege Huyu, Ndege Hii

Sogeeni, moto bado unawaka. Juzi mjukuu wangu aliniuliza tukiwa kwenye shamba la chai: "Babu, Dar mpaka Mumbai ni mbali kuliko hapa Mponde mpaka Dar?" Nikamwambia, kwa kilomita ni mbali mno, kwa saa, hapana. Akanitazama kama mtu aliyelewa.

Basi sikilizeni. Hondohondo akiruka kutoka hapa hadi Dar bila kupinda popote, hafikishi kilomita 250. Huyo ni ndege huyu, mwenye manyoya. Sisi tusio na mabawa tunadamkia basi la saa 11 alfajiri, masweta mwilini, matenga ya matunda yamejazana hadi miguuni. Tunapita Bumbuli, tunashuka Soni, ndipo zinapoanza zile kona za kuteremka Mombo. Mwaka jana mjukuu wangu huyo huyo alikula mapeasi matatu kabla ya safari, na yote yalirudi mapajani kwangu kabla hatujafika bondeni. Mombo masweta yanavuliwa. Korogwe, Segera, Chalinze, kisha foleni ya kuingia mjini. Ni zaidi ya kilomita 300, na unaposhuka, mwendo wa saa 8 au 9 umeshakuchosha kiuno.

Sasa ndege hii, ya injini. Dar hadi Mumbai, kwa njia ya angani, ni kama kilomita 4,680. Ikishafika juu, kilomita 10 na zaidi kutoka chini, hukimbia kilomita 850 hivi kwa saa. Gawanyeni wenyewe: mtapata saa 5 na nusu. Ongezeni muda wa kupaa na wa kungoja zamu ya kutua, zinakuwa 6 hivi. Kule juu hakuna kona, hakuna matuta, wala konda wa kusimamisha safari ateremshe tenga la nyanya.

Bahari iliyo kati ya Dar na Mumbai wazee wa pwani waliivuka kwa majahazi. Kusi iliwapeleka Bara Hindi, kaskazi ikawarudisha, na pepo hizo haziharakishwi na mtu. Msafiri wa wakati huo hakuuliza saa, aliuliza msimu. Siku hizi tunaivuka kwa ndege: shirika la Air Tanzania lilianza safari zake za Mumbai mwaka 2019.

Haya, kitendawili. Ndege imeondoka Dar saa 11 jioni, imekaa angani saa 6. Inatua saa ngapi? Mtasema saa 5 usiku, na saa ya mkononi mwa Babu itawaunga mkono. Lakini saa ya ukutani Mumbai inasema saa 7 na nusu usiku! Hakuna aliyeiba hizo saa 2 na nusu. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na wao wako mashariki yetu, kwa hiyo jua wanaliona kwanza. Basi letu likiwashwa hapa gizani, kule ni saa 1 na nusu asubuhi na watoto wenzenu wanakwenda shule. Mkirudi, saa zenu mtazikuta.

Kwa hiyo anayetoka Mponde kwenda Mumbai atakaa kwenye basi muda mrefu kuliko kwenye ndege. Nanyi siku yenu ikifika, mapeasi yafungeni kwenye mfuko, myale mkishapita Mombo.