Mtafsiri Aguse Kitu Kwanza, Neno Baadaye

Mwaka 1720 Antoine Watteau alichora bango la duka la rafiki yake Gersaint, muuza picha kwenye daraja la Notre-Dame jijini Paris. Leo kazi hiyo iko Berlin, katika kasri la Charlottenburg, nayo ni rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha turubai. Wafaransa huiita enseigne, neno linalotaja kazi ya kitu bila kusema kimetengenezwa kwa nini.

Hapo ndipo wanaotafsiri Kifaransa cha sanaa na mabango kwenda Kiingereza hujikwaa. Maelezo ya kando ya picha ni maneno matatu au manne tu, hivyo huonekana kazi ya dakika moja. Lakini ndiyo yanayomwambia mhifadhi ameshika nini. Turubai hulegea kwa unyevu, ubao hupinda na kupasuka, kadibodi hukauka ikavunjika, na chuma huliwa na kutu.

Tazama neno panneau. Mwaka 1895 Henri de Toulouse-Lautrec alichora picha mbili kubwa za kupamba kibanda cha mcheza dansi La Goulue kwenye maonyesho ya Foire du Trône. Jina la kazi hizo lina neno hilo, na anayeandika haraka “panel” humfanya msomaji wa Kiingereza afikirie mbao. Kumbe ni turubai, tena mwaka 1926 zilikatwa vipande vipande ili ziuzwe, kisha zikaja kuunganishwa upya. Sasa ziko Musée d’Orsay.

Carton nalo ni mtego. Lautrec alipenda kuchora juu ya kadibodi, akiacha rangi yake ya kahawia ionekane. Kiingereza kina neno lilelile, ila huko ni boksi la maziwa au la sigara. Tena kwa Kifaransa carton huweza kuwa mchoro wa awali, wa ukubwa kamili, anaoufuata mfumaji wa zulia la ukutani. Waingereza mchoro huo huuita “cartoon”.

Kwenye mabango ya barabarani kuna lave émaillée. Asiyejua ataona kitenzi cha kuosha, kumbe lave ni jiwe la volkeno. Kampuni ya Michelin iliweka kando ya barabara za Ufaransa vibao vya jiwe hilo lililopakwa enameli na kuchomwa, na vingine vingali vimesimama.

Nasi wasemaji wa Kiswahili jambo hili linatugusa. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga alichora historia ya Kongo juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Maandishi ya pichani aliyaweka kwa Kifaransa, na masimulizi yake akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili. Mtafsiri akiandika “canvas” peke yake, gunia linapotea, na pamoja nalo habari ya mchoraji aliyetumia alichokipata.

Kamusi haitoshi kwa kazi hii. Vyuo vinavyofundisha tafsiri viwapeleke wanafunzi kwenye karakana za wachora mabango na vyumba vya wahifadhi wa makumbusho, wakaone na kushika. Na mtafsiri asiyeweza kukiona kitu chenyewe amuulize anayekitunza kabla ya kuandika.