Fahamu: Flashi ya ujazo bandia ni nini?

Ni flashi inayoiambia kompyuta kuwa ina nafasi kubwa kuliko iliyopo. Juu imeandikwa GB 512, ndani mna chipu ya GB 16 au 32.

Inadanganyaje?

Kidhibiti chake kimepangwa kitaje ukubwa wa uongo. Unahamishia picha za harusi na majina ya mafaili yote yanaonekana, lakini nafasi halisi ikiisha, data mpya hufuta ya zamani au hupotea kabisa. Wengi hugundua wakiwa hawana tena nakala nyingine, na hilo ndilo linaloumiza.

Uipimeje?

Kabla hujaiamini, ijaze kwa programu ya bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Huandika data hadi mwisho, kisha huisoma tena. Bei ya kutupa kwa ujazo mkubwa yatosha kukufanya uiache dukani.

Na kasi?

USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0, ya mwaka 2008, gigabiti 5. Flashi nyingi hazifiki huko.

Ikikataa filamu ndefu?

Mfumo wa FAT32 haupokei faili la GB 4 au zaidi. Ifomati kwa exFAT, ila hamisha kwanza vilivyomo, maana vyote vitafutika.