Kulwa, Doto na Atakayewafuata

Kwa Wasukuma, pacha atanguliaye kuzaliwa huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto azaliwaye baada yao huitwa Shija. Makala haya yanamhusu mama ambaye Shija wake yu tumboni bado, ilhali Kulwa na Doto wana mwaka mmoja na nusu, mmoja akikimbilia mafiga na mwenziwe akielekea kisimani.

Mama huyo huchoka, na pengine huambiwa ni mvivu. Hukumu hiyo si ya haki. Katika ujauzito sehemu ya majimaji ya damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi chake cha awali, na moyo hufanya kazi kubwa zaidi hata mama akiwa ameketi. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini hazifikii kasi hiyo. Kwa hiyo damu huwa nyepesi. Mimba moja huhitaji madini ya chuma yapatayo gramu moja. Aliyekwisha kubeba watoto wawili kwa pamoja, kisha akashika mimba mapema, huenda akaianza safari hii ghala lake likiwa tupu. Ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Visiachwe kwa sababu tu vinageuza choo kuwa cheusi, wala chai isinywewe pamoja na mlo, kwani huuzuia mwili kufyonza chuma.

Jambo zito zaidi lawahusu pacha wenyewe. Wako wanaowaachisha watoto ziwa siku ileile mimba inapojulikana, kwa kuogopa kuwabemenda. Maziwa ya mjamzito hayana sumu. Hupungua, na ladha yake hubadilika, hata watoto wengine huacha wenyewe. Lakini mimba ikiwa haina matatizo, mama aweza kuendelea kunyonyesha, mradi ale vya kutosha. Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au anayetokwa na damu, apate kwanza ushauri wa daktari.

Hata hivyo wazee hawakuzua. Walimwona mtoto akidhoofu mdogo wake alipokuwa njiani. Mwaka 1935 Dakta Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya maradhi ambayo Waga huyaita kwashiorkor, maana yake maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Sisi twasema kwashakoo. Wazee walikosea chanzo tu: kinachomdhuru mtoto si maziwa, bali ni uji mwepesi wa muhogo au mahindi unaowekwa mahali pa maziwa hayo.

Basi uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa au mafuta. Mboga iwe na dagaa au maharage. Matumbo yao ni madogo, hivyo wale mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Kila mmoja awe na sahani yake, maana katika sahani moja aliye mwepesi humla mwenziwe fungu, na mama aliyechoka hatambui hadi siku ya mizani.

Mtoto wa umri huo ana kilo 10 hivi. Wawili wakidai kubebwa pamoja, mama amekwisha jitwika uzito wa ndoo ya maji ya lita 20. Ndoo yenyewe na ichukuliwe na baba.