Gari Linalopona Likifika Gereji

Kuna hitilafu za gari ambazo hazina ubishi. Tairi likipasuka limepasuka. Rejeta ikivuja, maji yako chini na kila mpita njia anayaona. Giaboksi haina uungwana huo. Gari otomatiki likisita kabla ya kuingiza gia ya pili, likatetemeka kwenye foleni kisha likatulia barabara inapofunguka, mwenye gari hana cha kuonyesha ila maelezo yake. Na waranti, hata iwe ndefu kiasi gani, hailipii maelezo. Hulipia kasoro iliyothibitishwa. Katika pengo hilo ndimo wamiliki wengi hutumbukia, na sijui kisa kinachoonyesha hivyo vizuri kuliko cha giaboksi ya PowerShift, ambayo Ford iliiweka kwenye Fiesta na Focus mwanzoni mwa muongo uliopita.

Giaboksi hiyo, ambayo mafundi huijua zaidi kwa jina la DPS6, ina gia sita na klachi mbili. Klachi moja hushughulikia gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine hushughulikia ya pili, ya nne, ya sita na rivasi. Dereva hana pedeli ya klachi: kompyuta na mota ndogo za umeme humfanyia kazi ya mguu. Klachi zenyewe ni kavu, hazizami kwenye oili, na hapo ndipo palipokuwa na mvuto wake, kwani hakuna pampu ya oili inayokula nguvu ya injini, kwa hiyo gari hunywa mafuta kidogo. Lakini oili ikipenya kwenye sili za shafti na kuifikia klachi kavu, klachi hushika na kuachia kwa mshtuko. Kompyuta ya gia nayo ilikuwa na maradhi yake: ilipoteza mawasiliano, gari likagoma kuwaka au likaishiwa nguvu likiwa barabarani. Kwa gari lililouzwa kama la bei nafuu na la kutumainiwa na kijana anayeanza kazi, huo ulikuwa mzigo mzito.

Marekani giaboksi hii ilianza na Fiesta za mfano wa 2011, zikafuatiwa na Focus za 2012. Malalamiko hayakuchelewa. Mwaka 2012 kesi ya pamoja ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho huko California, na mwaka 2014 Ford ilirefusha waranti ya magari mengi yaliyohusika: miaka 7 au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000, kwa klachi na sili zake, miaka 10 au maili 150,000 kwa kompyuta ya gia. Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo mambo yalikwisha. Waranti ndefu ni ahadi nzuri kwelikweli, ila ni ahadi ya kutengeneza. Haiahidi kwamba kitakachowekwa ni tofauti na kilichotolewa. Watu walibadilishiwa klachi, wakaondoka na tabasamu, na baada ya miezi mtetemo ukarudi kama jamaa anayejua njia ya nyumbani. Wengine hawakubadilishiwa chochote. Walisasishiwa programu ya kompyuta, gari likatulia kwa muda, kisha likarejea kwenye tabia yake.

Australia mambo yalifika mahali ambapo ni vigumu kuyasimulia bila kukunja uso. Kati ya Mei 2015 na Februari 2016, kampuni ya Ford ya huko iliwajibu wateja kadhaa kwamba mtetemo unatokana na namna wanavyoendesha, ilhali ilijua kuwa tatizo linawapata watu wengi. Mtu amenunua gari jipya la otomatiki, gari lisilomtaka afanye lolote zaidi ya kukanyaga mafuta na breki, halafu anaambiwa hayo mawili hayajui. Tume ya Ushindani na Watumiaji ya nchi hiyo ilikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama ya Shirikisho ikaitoza Ford dola milioni 10 za Australia kwa namna ilivyoyashughulikia malalamiko hayo. Ni vyema kuelewa kosa hasa lilikuwa lipi. Ilikuwa adhabu ya jibu lililotolewa kwa mteja aliyekuja na shida ya kweli. Suala la giaboksi yenyewe wamiliki walilipeleka mahakamani kwa kesi yao ya pamoja.

Kwa nini muuzaji awe mgumu wa kukubali kasoro ambayo hata hailipii yeye? Hapa wamiliki wengi hukosea hesabu. Wanamwona wakala na mtengenezaji kuwa mtu mmoja, wakati ni wafanyabiashara wawili wanaodaiana. Kazi ya waranti hulipwa na mtengenezaji, kwa saa alizozipanga mwenyewe, baada ya fundi kutoa uthibitisho. Kushusha giaboksi ni kazi ya siku. Fundi akiishusha na mtengenezaji akakataa dai, hasara ni ya gereji. Saa hizo hizo angeweza kuzitumia kwenye gari la mteja anayelipa taslimu. Kwa hiyo “hatukuona hitilafu” mara nyingine si uongo wala uvivu. Ni jibu la bei rahisi zaidi kwa kila mtu aliyeko upande ule wa kaunta.

Mtetemo wa klachi kavu hujitokeza gari likiwa la moto, kwenye mwendo mdogo, kati ya gia ya kwanza na ya pili, hasa kwenye foleni au kilima. Sasa fikiria gari linavyopokelewa gereji. Limelala usiku kucha, asubuhi fundi analiendesha likiwa la baridi kuzunguka mtaa mmoja usio na foleni, analirudisha. Limepona. Anayetaka kasoro yake ionekane ana njia moja tu ya maana: kuliendesha hadi lipate moto, kulifikisha gereji likiwa katika hali hiyo, na kumtaka fundi akae kiti cha pembeni huku yeye akiendesha njia ile ile inayolisumbua. Mabishano ya kaunta hayajawahi kutetemesha klachi.

Na anachokiandika nacho kina uzito. Mteja akisema “klachi imeisha”, gereji itapima unene wa klachi, itakuta haujaisha, na faili litafungwa kwa haki kabisa. Afadhali aseme anachokihisi na wapi: gari linatetemeka likitoka kusimama, baada ya nusu saa ya mwendo, gia ikiwa ya kwanza kwenda ya pili. Utambuzi wa ugonjwa ni kazi ya wanaolipwa kuufanya. Maneno hayo yaingie kwenye kadi ya kazi, pamoja na tarehe na kilomita zilizosomeka gari likiingia na likitoka, na mteja aondoke na nakala hata kama jibu ni kwamba hakuna kilichoonekana. Hasa kama jibu ni hilo.

Karatasi hiyo inaonekana ya bure hadi siku ya hesabu. Katika suluhu ya kesi ile ya California, iliyokubaliwa mwaka 2017, ikapingwa kwenye rufaa, ikarudi kurekebishwa na hatimaye ikapitishwa mwaka 2020, malipo yalipangwa kwa idadi ya safari za gereji zenye kumbukumbu. Mara mbili za kwanza hazikuwa na kitu. Fedha zilianza kuhesabiwa kuanzia ya tatu. Waliobadilishiwa vifaa mara nyingi walistahili hadi dola 2,325, na ambao magari yao yalishindikana walikuwa na njia ya kudai yanunuliwe tena. Aliyepeleka gari mara nane na kujibiwa kwa mdomo alikuwa, kwa hesabu ya suluhu hiyo, mtu ambaye hakuwahi kupeleka gari.

Sheria ya magari mabovu ya California inahesabu kwa mtindo huo huo. Ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo, gari linachukuliwa kuwa limepewa nafasi ya kutosha ya kutengenezwa endapo kasoro moja imeshughulikiwa mara nne au zaidi, au mara mbili ikiwa inaweza kuua au kujeruhi vibaya, au gari limekaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla. Tarakimu zote hizo hutoka kwenye kadi za kazi. Marekani pia ina sheria ya mwaka 1975 inayomkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwa sharti la kununua vipuri au sevisi yake mwenyewe, isipokuwa anavitoa bure. Ila uhuru huo una ukingo: ukimwagiwa oili isiyo yake kwenye giaboksi na fundi wa jirani, na giaboksi ikafa kwa oili hiyo, utakuwa umempa mtengenezaji zawadi ambayo asingeweza kujinunulia.

Kwetu Afrika Mashariki, mwenye gari jipya la wakala anaweza kufuata taratibu hizi bila kubadilisha kitu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, na kwa zote mbili mlalamikaji asiye na karatasi anaanza safari akiwa nyuma. Lakini wengi wetu hatununui gari jipya. Tunanunua lililotumika Japani, na waranti ya mtengenezaji, kama bado ilikuwa hai, hubaki huko.

Kinachofika Mombasa au Dar es Salaam pamoja na gari ni karatasi ya mnada, ikiwa muuzaji ameona vyema kuitoa. Ina daraja la gari, ramani ya mikwaruzo na kilomita zilizosomeka. Wanunuzi wetu wamejifunza kuisoma kwa bidii kuliko mkataba wa kazi: wanajua nne na nusu ni nini, na wanaikimbia herufi R, alama ya gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Ni karatasi nzuri kwa bodi na viti. Ila mkaguzi wa mnada ana magari mengi ya kupitia na hana muda wa kulipeleka kila moja kwenye foleni ya nusu saa, kwa hiyo gari linalotetemeka likipata moto linaweza kupewa daraja lake likiwa limetulia kabisa. Kitabu cha sevisi, ambacho kingeonyesha kwamba mwenyewe wa kwanza alirudi gereji mara tatu kwa jambo moja, mara nyingi hakipo kwenye droo ya dashibodi. Kikiwepo, kimeandikwa Kijapani, na sijawahi kuona mnunuzi akilipia mtu wa kukisoma kabla ya kulipia gari.