Taarifa ya Askari Yasomwa Upya

Askari anaporudi kutoka doria huandika taarifa, akaitia sahihi na kumkabidhi mkubwa wake. Hudhani kwamba shughuli imekwisha. Lakini huko Uholanzi taarifa za namna hiyo zimesomwa tena baada ya miaka sabini, na waliozisoma si makamanda bali ni wanachuo.

Ndugu wasomaji, watu wengi hufikiri kwamba mtu asomaye Kiholanzi hadi shahada za juu hujifunza sarufi na mashairi tu. Sivyo. Katika vyuo kama kile cha Leiden, kilichoanzishwa mwaka 1575, lugha, utamaduni na historia huenda pamoja. Mwanafunzi huzoezwa kusoma hati kuukuu na kupima kila neno: limetumiwa na nani, kwa kusudi gani, nalo laficha jambo gani?

Tutazame mfano mmoja. Indonesia ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Agosti, 1945. Uholanzi, iliyokuwa ikiitawala, haikukubali. Ilipeleka majeshi, na vita vikaendelea hadi mwaka 1949. Mashambulio mawili makubwa, la mwaka 1947 na la mwisho wa mwaka 1948, serikali hiyo iliyaita "vitendo vya polisi". Vilikuwa vita kamili, lakini jina la polisi liliazimwa ili ionekane kwamba kazi iliyofanyika ni kurudisha utulivu tu.

Mwaka 1969, Joop Hueting, aliyekuwa askari katika vita hivyo, alieleza katika televisheni maovu yaliyotendwa na jeshi lake. Serikali ikachunguza kumbukumbu zake, ikatoa ripoti mwaka huo huo. Safari hii neno lililochaguliwa lilikuwa "kupita kiasi": yaani makosa yalitokea hapa na pale, bali jeshi kwa jumla lilitenda sawasawa.

Neno hilo nalo halikudumu. Mtafiti Rémy Limpach aliyachambua mambo hayo katika tasnifu yake ya udaktari, iliyochapishwa kuwa kitabu kwa Kiholanzi mwaka 2016. Kwa kupitia taarifa za jeshi, pamoja na barua na shajara za askari, alionyesha kwamba ukatili ule haukuwa wa hapa na pale. Baadaye taasisi tatu za Uholanzi ziliendeleza uchunguzi. Tarehe 17 Februari, 2022, zilitangaza kwamba ukatili wa kupindukia ulitumiwa mara nyingi, na wakubwa wa jeshi na wa serikali waliuvumilia. Siku hiyo hiyo Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwaomba radhi watu wa Indonesia.

Hapo pana funzo kwa kila aliyekabidhiwa silaha na kalamu. Jina zuri halisafishi tendo baya, wala sahihi ya mkubwa haifungi mdomo wa karatasi. Njia ya mwongo ni fupi. Basi na tutende lile ambalo wajukuu wetu wakilisoma hawatainamisha vichwa, kisha tuliandike kama lilivyokuwa.