Mti Mkaidi Haupakwi Rangi kwa Pupa

Wapenzi wa taarabu wakiiona fidla huutazama upinde na vidole vya mpigaji. Mimi hupenda kuutazama mgongo wake. Fidla nzuri aghalabu mgongo wake ni wa mti wa mepo, jamaa ya ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Utaona mistari inayometa kama maji yapigwapo na jua, na juu yake rangi ya asali iliyoenea sawasawa, bila baka hata moja.

Msomaji, usione vyaelea, vimeundwa. Mti huo ni mkaidi mno kwa rangi. Ukiupaka ukiwa mtupu, pahala hapa patakuwa peusi na pale peupe, kama kanzu iliyomwagikiwa chai.

Nayasema haya kwa sababu ya seremala mmoja kijana wa hapa Mombasa. Alipewa kazi ya kabati la harusi. Mvule na mbambakofi ni adimu na ghali siku hizi, basi akatumia mwembe, akaupaka rangi ili ufanane na mvule. Kabati likatoka na mabaka, na mwenye harusi akalikataa. Fedha za mbao zilikuwa za mkopo.

"Mzee, nimeongeza rangi mara tatu," aliniambia, "na kila nikiongeza, mabaka yazidi."

"Mwanangu," nikamjibu, "kosa si la rangi."

Ubao ni fungu la mirija midogo iliyokuwa ikipandisha maji mtini. Pale mirija ilipolala sambamba na uso wa ubao, rangi hunywewa kidogo. Pale ilipopinda na kutoa midomo juu, hunywewa sana. Katika mepo wenye mistari, na katika mwembe kadhalika, nyuzi za mti hupindapinda, hata ubao mmoja ukawa na kiu mbalimbali. Kuongeza rangi ni kuzidi kumnywesha yule anywaye sana. Dawa ni kuipunguza kiu kwanza.

Sisi tuliosomea ubao wa mti chuoni twaijua siri hii tangu utotoni. Kabla ya kuandika, ubao wetu ulipakwa udongo mweupe ukaachwa ukauke. Wino ukikutana na mti mtupu husambaa, na alifu ikawa kama buibui.

Mafundi wa fidla nao waliijua. Antonio Stradivari wa Cremona, Italia, alifariki mwaka 1737. Mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa na Ujerumani walitangaza matokeo ya kuzichunguza ala zake tano. Tabaka la kwanza lilikuwa mafuta ya kukauka, mfano wa yale ya wachoraji, yaliyopenya mtini kidogo tu. Juu yake palikuwa na mafuta yaliyochanganywa na utomvu wa jamii ya msonobari, na rangi nyekundu walizozikuta zilikuwa katika tabaka hilo la juu, si ndani ya mti.

Basi seremala wetu afanyeje? Kwanza apige msasa kwa kufuata nyuzi za mti, namba 120, kisha 150, kisha 180, asiruke hata moja, kwani mikwaruzo iliyosahauliwa hukusanya rangi. Vichwa vya mbao, ambavyo hunywa kuliko pengine pote, avipige msasa laini zaidi. Aufute ubao kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke, kisha apitishe msasa mwepesi.

Pili, aufunge mti midomo, lakini nusu. Achukue shelaki, yale magamba ya utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, gramu 60 kwa lita moja ya spiriti, apake mara moja tu. Ikikauka, apitishe msasa namba 320 kwa mkono mwepesi. Akizidisha shelaki, rangi haitashika kabisa.

Tatu, rangi iwe ya mafuta, kwani ya spiriti itaufumua utando ule. Apake nyembamba, afute ziada, asubiri ikauke. Akitaka weusi zaidi, autie katika vanishi ya juu, tabaka baada ya tabaka. Na yote hayo ayajaribu kwanza juu ya kipande cha ubao uleule, si cha mti mwingine.

Vanishi si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19 sandarusi ya pwani hii ilisafirishwa hadi Salem, Marekani, ikafanyiwa vanishi. Utomvu ulikuwa wetu. Sifa wakapata wengine.

Kijana alilikwangua kabati lake likabaki mti mtupu, akaanza upya. Ilimchukua siku nne, na hakulipwa kwa siku hizo. Lakini kabati lilichukuliwa, na deni likalipwa.

Miembe mizee isiyozaa tena ipo tele mashambani, na mingi huishia kuwa kuni. Mvule huchukua miaka mingi kukua. Fundi ajuaye kuuvisha mwembe vazi la heshima hujipatia riziki, na hapo hapo huupa mvule mchanga muda wa kukua. Elimu hii haihitaji mashine; yahitaji subira, msasa, na kumwuliza mti kabla ya kumpaka.